Mwenye "Amani Mnayo"

Kama hujawahi kualikwa harusi Babati miaka hii ya karibuni, itabidi uelezwe. Maharusi wanapofika mlangoni mwa ukumbi, MC huomba watu wasimame, taa hupunguzwa, na kwenye spika huanza kunguruma vitu vizito: fidla kubwa chinichini kwanza, kisha tarumbeta, kisha ngoma zinazokufanya ujikague kama shati umelichomekea. Muziki unapanda, unapanda, halafu ghafla unakata pumzi. Hapo mwanamke wa Kizungu hunong'ona kwa sauti laini ya mtu asiyedaiwa na yeyote: "Amani mnayo?" Na ukumbi mzima, kuanzia wazazi wa pande zote mbili mpaka watoto waliojipanga karibu na keki, huitika: "Tunayo!"

Harusi bila "Amani Mnayo" ilikuwa sawa na pilau bila nyama. Ndoa imefungwa, sawa, lakini watu watasema. Walutheri waliuchukua wimbo huo, Wakatoliki wakauchukua, Waislamu wa mjini wakaupenda kwa ajili ya hiyo amani. Inasemekana kuna mhubiri mmoja aliyeutolea mahubiri, na waumini wakalia.

Kasoro ilikuwa moja tu. Yule mwanamke hakuwa akisema "Amani mnayo." Alikuwa akisema "Amanova," na hilo lilikuwa jina la duka. Mtu pekee aliyelijua jambo hilo katika mji mzima alikuwa Coletha, binti wa kwanza wa Mwalimu Marcelino wa Nangara, kwa sababu muziki ule aliutunga yeye.

Kazi ya Coletha ilikuwa ngumu kuieleza, naye alikwisha kuchoka kuieleza. Mfikirie fundi cherehani anayeshona sare za shule kabla hajamwona mwanafunzi hata mmoja. Anajua watoto wapo, wafupi kwa warefu, na kila sare itampata mwenyewe. Coletha alitunga muziki wa okestra kwa namna hiyo hiyo. Alitunga wa huzuni, wa kufukuzana, wa jua kuchomoza, wa ushindi, akaupeleka kwenye duka la mtandaoni. Mwenye filamu au tangazo, huko aliko, aliingia dukani, akachagua unaomtosha, akaondoka nao. Tarumbeta hakuwa nazo wala fidla. Alikuwa na kinanda, kompyuta, na milio ya vyombo iliyorekodiwa na watu wa mbali noti mojamoja, ambayo yeye aliipanga mpaka ikawa jeshi.

Kazi hiyo aliifanyia katika chumba kimoja Bagara, ukutani ametundika magodoro ya zamani kuzuia kelele za jirani anayechomelea mageti. Magodoro yalijitahidi. Siku moja, akiwa anarekodi mvumo wa sauti yake mwenyewe kwa ajili ya wimbo wa vita, mashine ya jirani ya kukatia vyuma ililia ndani ya kipaza sauti, naye akaona inafaa akaiacha. Wimbo huo ukapendwa kuliko nyimbo zote alizotunga mwaka ule.

Maana mambo yalimwendea vizuri, na hapa sina sababu ya kuona haya kulisema. Muziki wake ulisindikiza ndege wa barafuni wasiojua kuruka. Uliuza magodoro Brazili. Ulizika mfalme katika tamthilia ya Kituruki, na Coletha, aliyeiangalia tamthilia hiyo sebuleni pamoja na mama yake, alimwona mama akijifuta machozi kwa khanga, asimwambie muziki ni wa nani. Kazi hiyo ilimlisha, ikaezeka upya nyumba ya wazazi Nangara, ikamsomesha mdogo wake Ursula. Kilichokosekana ni jina. Kwa masharti ya duka, mwenye filamu hakulazimika kumtaja mtunzi, na hakuna aliyemtaja.

Siku alipousikia wimbo wake mara ya kwanza kwenye harusi ya watu, alipaliwa na pilau. Alielewa mara moja kilichotokea. Duka lile huwaachia watu wausikilize muziki bure kabla ya kuununua, lakini nakala hiyo ya bure hupachikwa sauti inayotaja jina la duka, kama mpiga picha anavyoandika jina la studio katikati ya picha ya mfano ili usiondoke nayo. MC Sadallah, kijana wa Maisaka mwenye suti nyeupe na ulimi wa asali, aliondoka nayo. Alidhani yule mwanamke ni sehemu ya wimbo, spika zake zilizochoka zikamalizia kazi, na Babati ikaitika.

Coletha alicheka siku hiyo mpaka akatoka nje. Ukumbini alirudi na furaha ambayo hakuitegemea. Wimbo wake ulikuwa umezunguka dunia na kurudi nyumbani bila kumwuliza njia. Aliwatazama watu wa mji wake wamesimama, wengine wamefumba macho, akajiambia, acha wauimbe. Angeweza kuendelea hivyo miaka yote kama asingekuwa na baba.

Mwalimu Marcelino alikuwa amestaafu ualimu wa shule, si ualimu wa kwaya. Katika kigango cha Nangara hakuna wimbo ulioimbwa mbele yake kabla jina la mtunzi halijatajwa kwa sauti. Hata msibani. Jeneza lingengoja, wafiwa wangengoja, mpaka mzee amalize kusema wimbo ni wa nani. Aliwahi kumtoa kwenye kwaya mwimbaji wake bora kabisa, tena mtoto wa dada yake, kwa kuandika jina lake juu ya wimbo wa mtu mwingine. Kwake yeye mwizi wa mbuzi angeweza kusamehewa, kwa kuwa mbuzi huliwa na mtu ana njaa. Mwizi wa wimbo hana njaa.

Coletha alikwisha kujaribu kumweleza kazi yake. Mzee aliuliza ni nani anayeimba. Hakuna. Akauliza maneno yanasemaje. Hayapo. Akauliza jina la mtunzi huandikwa wapi. Haliandikwi. Mzee alitikisa kichwa, akasema mtu asiyetaja jina lake ana jambo analificha, na tangu siku hiyo watu walipomwuliza habari za binti yake alijibu kwamba anafanya kazi za kompyuta. Coletha ndiye aliyefundishwa na mzee huyu solfa, do-re-mi za muziki, kabla ya kufundishwa kusoma. Jibu hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri.

Ndipo Ursula akachumbiwa na Fabiani, kamati ya harusi ikakaa sebuleni Nangara Jumapili moja baada ya Misa. MC Sadallah alisoma ratiba yake, akafika kwenye kuingia maharusi, akasema hapo bila shaka ni "Amani Mnayo." Kamati ikaafiki. Coletha, ambaye mpaka hapo alikuwa anahesabika kama mpishi wa chai, aliweka birika mezani. Alifikiria mdogo wake anaingia ukumbini huku jina la duka likinong'onwa juu ya kichwa chake, akashindwa kuvumilia. Akasema yeye ataleta wimbo ulio safi, usio na yule mwanamke, kwa sababu wimbo ni wake.

Watu walidhani anatania. Alipoeleza habari za duka na nakala ya bure, walidhani anaumwa. Sadallah, kwa upole wa mtu aliyezoea walevi, alimwambia, "Dada Coletha, huu wimbo ni wa Ulaya. Yule mama anayeuliza amani ndiye mwenyewe."

Basi Coletha akafanya kosa ambalo mtu yeyote mwenye haki angelifanya. Alitoa simu, akawapigia wimbo wenyewe, mzima na safi, kama alivyoutunga. Walisikiliza. Ulipofika pale unapokata pumzi, wote waliinua videvu kuitika, na hakuna aliyewauliza kitu. Palikuwa na kimya tu, kisha tarumbeta zikaendelea.

"Umemkata," alisema Sadallah taratibu.

Na kweli, ukifikiria, wangesema nini tena? Walikuwa na wimbo wenye sauti, na mtu ameleta wimbo huohuo usio na sauti. Mwenye akili zake aliona wazi kwamba sauti imeng'olewa, na anayeng'oa chapa ya ng'ombe kila mfugaji anajua ni nani. Mjumbe mmoja aliguna. Mwingine alisema siku hizi kompyuta hufanya lolote. Mwalimu Marcelino alisimama, akachukua kofia yake, akatoka nje, na kamati ikapitisha ratiba bila kumtazama Coletha usoni.

Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, amesimama kwenye migomba, anayatazama majani kama mtu anayeyasahihisha. Coletha alianza kueleza tena. Mzee alimzuia kwa mkono.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. "Watu hapa wananiita Baba Coletha. Jina langu ni lako. Sasa nataka kujua nalibeba jina la mtu gani."

"La mtunzi, baba. Wimbo ni wangu. Njoo Bagara nikuonyeshe kwenye kompyuta, kila chombo na mstari wake."

"Kompyuta siitaki. Kompyuta itasema unachotaka iseme." Alifikiri kidogo. "Mwizi huiba sauti ya kwanza, kwa sababu ndiyo anayoisikia. Mtunzi anazijua zote. Jumamosi njoo kwenye mazoezi, uwafundishe wanakwaya wangu wimbo huo. Kwa mdomo na ubao. Ukiweza, nitajua. Ukishindwa, utamwomba Sadallah radhi mbele ya kamati, na siku ya harusi utakaa nyumbani."

Ungedhani Coletha angefurahi. Aliogopa. Wimbo ule aliutunga kwa vidole, zamani, na kabla haujaisha alikuwa na mwingine mkononi, kama mtu anayekaanga maandazi. Hakuwahi kuuandika kwenye karatasi. Ulikuwa na vyombo vingi kuliko wanakwaya wa Nangara, na baadhi ya vyombo hivyo vilipanda mahali ambapo binadamu akipanda anaitiwa daktari. Kuwa mtunzi na kuzikumbuka sauti zote ni vitu viwili, na baba yake hakulijua hilo kwa kuwa yeye alizikumbuka za nyimbo zake zote. Wiki ile hakuiwasha kompyuta, kwa kuwa baba yake aliikataa. Alitembea kutoka Bagara mpaka sokoni na kurudi akivuma besi, na watu aliopishana nao walimpisha zaidi ya kawaida.

Jumamosi kanisa la kigango lilijaa kuliko siku za Pasaka. Habari ilikuwa imetembea. Sadallah alikuja, bila suti, akakaa karibu na mlango. Mwalimu Marcelino aliketi benchi la mwisho kabisa, mikono kwenye fimbo, akafumba macho. Coletha aliwaamkia wakubwa, akachukua chaki.

Hakuanza na soprano. Alianza na besi, na hapo hapo baadhi ya watu wakaangaliana. Aliandika solfa ubaoni, mstari mzito unaotembea polepole, akawaimbia wanaume mpaka wakaushika. Huu ulikuwa mstari wa fidla kubwa, ule ambao kwenye spika za Sadallah husikika kama lori linapita. Alipowapa alto sauti yao, wale akina mama walishtuka kugundua kwamba kumbe ndani ya wimbo walioucheza miaka yote kulikuwa na huzuni imejificha chini ya tarumbeta, na huzuni hiyo ndiyo iliyowatoa machozi. Mmoja aliomba aurudie peke yake. Soprano walingoja kwa hasira, maana wao walidhani wimbo ni wao.

Mambo yalikwama kwa teno, wanaume wa sauti ya tatu. Mstari wao ulikuwa wa tarumbeta, nao walipofika juu walikauka mmoja baada ya mwingine. Walirudia, wakakauka tena. Mtu alicheka nyuma. Coletha alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na kwa muda mfupi kanisa zima liliona jasho kwenye shingo yake. Kisha akafuta. Alifuta mstari mzima wa teno, akafuta na kipande cha alto kilichokuwa kinaushikilia, akavuma kidogo, akaandika mwingine pale pale, ulioteremka mahali ule wa kwanza ulipopanda na kukutana na besi chini. Akawaimbia. Walipouimba pamoja na besi, ukawa mzuri kuliko ule wa mwanzo, na Coletha mwenyewe akacheka kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu kwenye mfuko wa nguo yake.

Kwenye benchi la mwisho, Mwalimu Marcelino alifumbua macho.

"Sasa wote," alisema Coletha.

Wakaimba. Bila spika, bila ngoma, sauti za wauza nyanya na walimu na mafundi baiskeli zilipanda hatua kwa hatua, besi ikitembea, alto ikilia chini kwa chini, mpaka wakafika mahali pale pa kukata pumzi. Wakakata. Na kwa mazoea ya miaka, kwaya nzima pamoja na watu waliosimama madirishani wakapiga kelele: "Tunayo!"

Kishindo cha fimbo sakafuni kiliwanyamazisha wote. Mwalimu Marcelino alikuwa amesimama.

"Hilo limeandikwa wapi?" aliuliza. Alikuja mbele polepole, akaunyoshea fimbo ubao. "Nauliza, hilo neno limeandikwa wapi hapa? Mimi naona mapigo mawili ya kimya. Kimya kikiandikwa nacho huimbwa. Rudieni, na mwimbe alichoandika mtunzi."

Neno hilo la mwisho lilitoka kavu, kama anavyolitoa siku zote akikemea. Ilichukua muda watu kulisikia. Coletha alilisikia mara moja, akaugeukia ubao na kujifanya anatafuta chaki, kwa sababu machozi yalikuwa yamemshika na hakutaka soprano wamwone. Wakarudia. Zamu hii kimya kilikuja kama alivyokitaka siku ile alipokitunga, kizito, kimejaa, na teno wakatokea upande wa pili wakishuka. Karibu na mlango, Sadallah alikuwa amevua kofia.

Siku ya harusi MC alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alizima spika. Akawaambia wageni, mbele ya watu wote, kwamba kwa miaka amekuwa akiwapigia wimbo wa mtu bila kumwuliza, kwamba aliutoa dukani kwa mlango wa nyuma, na kwamba mwenyewe yuko hapa ukumbini na ameshamwomba radhi. Kisha akasogeza kipaza sauti kwa Mwalimu Marcelino aliyekuwa mbele ya kwaya yake, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mzee hakukihitaji. Alivuta pumzi kama kwenye msiba mkubwa.

"Wimbo huu," alitangaza, "umetungwa na Coletha Marcelino, wa Nangara."

Ursula aliingia ameshikwa mkono na Fabiani, na kwaya ikaimba. Wageni waliinuka kwa mazoea, wakangoja mwanamke wao wa Kizungu, hakuja. Ukumbi mzima ukasikia kimya cha Coletha kwa mara ya kwanza, na hakuna hata kijiko kilichogonga sahani. Wimbo ulipokwisha walipiga makofi wakiwa wamemgeukia yeye, si bibi harusi, na Ursula mwenyewe ndiye aliyeanzisha vigelegele. Mcheza kwao hutuzwa. Bibi mmoja alikuja akamtunza Coletha khanga mabegani, mwingine akafuata, wakamzidishia mpaka akashindwa kuinua mikono.

Chakula kilipoanza, Mwalimu Marcelino alishuka kutoka meza ya wazazi na sahani yake. Watu walimpisha wakidhani anatafuta chumvi. Alipita meza za kamati, akapita meza ya padre, akafika meza ya nyuma alikokaa binti yake na khanga zake, akavuta kiti. Alikula kidogo. Alinyofoa kipande cha nyama, akakiweka kwenye sahani ya Coletha, kama alivyofanya alipokuwa mtoto mgonjwa.

"Muziki huu uliotunga huko Bagara," alisema. "Upo mwingine?"

Coletha alifikiria ndege wa barafuni, mfalme wa Kituruki, magodoro, vita, majua yote aliyoyachomozesha katika chumba kile bila baba yake kusikia hata noti moja.

"Upo mwingi, baba."

Mzee alisukuma sahani pembeni, akasogeza kiti mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wa binti yake.

"Anza na besi," alisema.